Jicho la Kushoto la Mzee Muthoka

Zamzam Abdalla alikataa kukaa.

"Nimekaa nyumbani siku tatu nikingojea mnipigie simu," alisema. "Leo nitasimama."

Inspekta Kamanthe hakumbembeleza. Alivuta kiti chake, akafungua faili, akatoa karatasi moja na kuigeuza juu ya meza ili Zamzam, nesi aliyeshukiwa, aweze kuisoma. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Dirisha lilikuwa wazi, na harufu ya mandazi ya kibanda cha nje ya kituo iliingia bila kuomba ruhusa.

Kesi yenyewe, kwa jinsi ilivyoandikwa, ilikuwa fupi. Jumapili, Mzee Muthoka, mchonga mawe wa Kalama, aligongwa na pikipiki alipokuwa akivuka barabara kutoka kanisani. Alifikishwa katika hospitali binafsi ya Daktari Kimeu saa nane mchana, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na jeraha dogo juu ya sikio la kulia. Saa moja jioni alikuwa amekufa. Asubuhi iliyofuata Daktari Kimeu alifika kituoni amevaa suti, akaandikisha taarifa kwamba nesi wa zamu alimtelekeza mgonjwa. Jana jioni mkuu wa upelelezi, Bwana Muindi, alimkabidhi Kamanthe faili hiyo kwa maneno machache.

"Hii haina kazi. Mwandikishe, mweke ndani, kesho mpeleke kortini."

Kamanthe aligusa chini ya ile karatasi kwa ncha ya kalamu.

"Hii sahihi ni yako?"

Zamzam aliinama, akaitazama bila kuishika. "Inafanana na yangu."

"Nimekuuliza kama ni yako."

"Na mimi nimekujibu. Inafanana."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buibui jeusi, mtandio umefungwa barabara, na miguuni raba za kazi zilizopauka. Babu yake alikuja kutoka Pwani akafungua duka la vitambaa karibu na msikiti, na tangu hapo familia haijahama mji. Kikamba chake kilikuwa cha watu wa Machakos kabisa. Faili ilisema amekuwa muuguzi miaka tisa, minne kati yake katika wodi ya majeruhi wa kichwa huko Nairobi. Mstari huo Kamanthe alikuwa ameupigia duara.

"Nieleze hii fomu. Mimi si mtu wa hospitali."

"Ni ya kumwangalia aliyeumia kichwa. Hapa unaandika kama anafungua macho. Hapa, anaongeaje. Hapa, anasogezaje mikono na miguu. Unajumlisha. Mtu mzima mwenye afya anapata kumi na tano. Mtu aliyezimika kabisa anapata tatu. Halafu unamulika mboni za macho kwa tochi, unaandika ukubwa wake na kama zinasinyaa. Unarudia, unarudia, unarudia. Namba moja peke yake haikuambii kitu. Kinachokuambia ni namba kushuka."

Kamanthe alifuata safu kwa kidole. Kila nusu saa, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, mwandiko ulikuwa uleule na wino uleule wa bluu. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano. Baada ya saa kumi na mbili, mraba ulikuwa mtupu.

"Kwa hivyo mgonjwa alikuwa mzima mpaka saa kumi na mbili, halafu ukaacha kumwangalia. Saa moja akafa."

"Hivyo ndivyo karatasi inasema."

"Na hii je?" Kamanthe alitoa daftari la getini, lenye jalada gumu na alama za vidole vya mlinzi. "Jumapili, saa kumi na moja na dakika ishirini, Sista Zamzam ametoka. Saa kumi na moja na dakika arobaini amerudi. Mlinzi anasema ulitoka mbio. Ulimwacha mgonjwa ukaenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, hotelini. Dereva wa ambulansi alikuwa anakula na simu hashiki. Nilimtoa na sahani mkononi."

"Ulikuwa unataka ambulansi ya nini, kama mgonjwa ni kumi na tano?"

"Sasa umeanza kuuliza," alisema Zamzam.

Kamanthe alikuwa amerudisha macho kwenye fomu. Alisogeza daftari la getini karibu na ile karatasi mpaka zikagusana, akahesabu safu moja baada ya nyingine, kisha akahesabu tena. Saa kumi na moja na nusu: kumi na tano, mboni sawa, sahihi ya Zamzam. Kwa daftari la mlinzi, saa hiyo huyu mwanamke alikuwa ng'ambo ya barabara akibishana na mtu mwenye sahani.

"Hii ya kumi na moja na nusu hukuiandika wewe."

"Hakuna hata moja niliyoandika hapo. Fomu yangu ilikuwa na makosa ya kufutwa, ilikuwa na tone la dripu, na namba zilikuwa zinashuka. Daktari aliichukua mkononi mwangu saa kumi na moja na robo. Sikuiona tena."

"Daktari anasema mzee alikuwa amelewa."

"Alisema hivyo akiwa mlangoni, hata hajafika kitandani. Mzee alikuwa anarusha mikono, anataka kushuka. Daktari akaniambia nimdunge dawa ya kumlaza. Nilikataa." Zamzam alikunja mikono kifuani. "Fuvu ni mfupa, inspekta, halitanuki. Damu ikivuja ndani, ubongo unakosa pa kwenda. Aliyeumia kichwa akianza kuhangaika, hizo ni kelele za kuomba msaada. Ukimlaza kwa sindano umemziba mdomo, na wewe mwenyewe umejiziba macho, kwa sababu hutajua tena kama amelala au anakufa. Anahitaji kupigwa picha ya kichwa na daktari wa upasuaji. Nilisema hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia."

"Nani atathibitisha?"

"Soma mstari wa macho."

Kamanthe alisoma. "Kulia milimita tatu, inaitikia mwanga. Kushoto milimita tatu, inaitikia mwanga. Ni hivyo mpaka mwisho."

Zamzam alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nenda mochari. Mwangalie uso, halafu mwangalie mkono wa kushoto. Na uende sasa hivi, kabla hawajamwosha. Nimesikia daktari amewapa familia gari la kubebea maiti, na kwamba wanamchukua saa nne. Mtu mkarimu sana."

"Kwa nini usiniambie tu nitaona nini?"

"Kwa sababu mimi ni mshukiwa. Nikikwambia, ni utetezi. Ukiona mwenyewe, ni ushahidi."

Kamanthe alitazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo. Akafunga faili, akachukua funguo za gari.

"Utakuja nami. Utakaa garini, na hutaongea na mtu."

"Nitakaa garini," Zamzam alisema. "Hilo la kutoongea siahidi."

*

Munyao, mhudumu wa mochari, alikuwa tayari amevaa gambuti na aproni, na ndoo ya maji ya sabuni ilikuwa chini ya meza.

"Madam, umewahi. Dakika tano tu ungenikuta nimeanza."

"Nani alikwambia uanze?"

"Daktari Kimeu alipiga simu. Anasema karatasi ziko sawa, hakuna haja ya kupasua, familia inataka kuzika."

"Weka hiyo ndoo kando. Nipe glavu."

Mzee Muthoka alikuwa mtu mwembamba, mikono mipana yenye makovu ya nyundo. Juu ya sikio la kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Kamanthe alimulika uso kwa tochi ya simu. Macho yalikuwa yamefumba. Kwa kidole gumba alifungua kope ya kulia. Mboni ilikuwa pana, nyeusi, karibu kumeza rangi yote. Hilo halikumwambia mengi. Maiti ni maiti. Akafungua kope ya kushoto.

Jicho lilikuwa safi mno. Lilikuwa la kahawia, linang'aa, na mboni ndogo iliyo katikati kabisa, kana kwamba mwenyewe alikuwa bado anamtazama.

"Munyao, hebu njoo."

Munyao alisogea, akachungulia. Alichukua koleo dogo kwenye sinia, akaligonga lile jicho taratibu. Lilitoa mlio kama kijiko kinachogusa kikombe.

"Hili ni la kutengenezwa," alisema. "Halijawahi kuona kitu."

"Ukilimulika kwa tochi, mboni itasinyaa?"

"Madam, hata ukilimulika kwa taa ya lori."

Kamanthe alipiga picha tatu. Kisha akashika mkono wa kushoto na kuugeuza. Sindano ya dripu ilikuwa bado imo mshipani, imeshikiliwa na plasta nyeupe iliyozungushwa mara kadhaa, zaidi ya ilivyohitajika. Juu ya plasta palikuwa na mwandiko mdogo uliobanana, wa kalamu nyeusi.

Alisoma kwa sauti, na Munyao akafuata kwa macho.

"Saa nane, kumi na tano. Saa kumi, kumi na nne. Kumi na nusu, kumi na mbili. Kumi na moja, tisa. Mboni ya kulia: tatu, tatu, nne, sita. Kushoto, jicho bandia. Mapigo ya moyo yanashuka, presha inapanda. Apelekwe kwa upasuaji." Akageuza mkono kidogo. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa haraka, herufi zikipanda juu ya nyingine. "Kumi na moja na dakika arobaini. Amedungwa na Daktari K nikiwa nje. Nilikataa. Sasa ni sita."

Munyao alivua kofia yake ya plastiki. "Huyu aliandika kwa mwili wa mtu."

"Hakuwa na karatasi," alisema Kamanthe. "Alikuwa anawaandikia wale ambao wangempokea."

Alifanya kazi iliyobaki bila haraka. Alipiga picha plasta pande zote, akaikata kwa mkasi pamoja na sindano yake, akaitia katika mfuko wa ushahidi, akaandika saa na tarehe, na Munyao akatia sahihi kama shahidi. Kisha akaandika amri ya kuzuia maiti hadi upasuaji wa serikali ufanyike.

Alipotoka, gari la maiti lilikuwa limefika, na nyuma yake kigari cha mizigo kilichojaa watu wa Kalama waliovaa nguo za msiba. Mjane, Ndila, mwanamke mfupi aliyejifunga leso mbili, alisimama mbele.

"Mwaitu, mama yangu, pole," Kamanthe alimwambia. "Hatuwezi kumtoa leo."

Minong'ono ilipanda. Mwanamume mmoja aliyekuwa mpwa wa marehemu alijisukuma mbele. "Kwa nini? Si mnajua aliyemuua? Daktari alitupigia akasema ni nesi. Alimwacha mjomba akaenda kula hotelini!"

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema mlinzi anaweza kushuhudia. Huyo mwanamke yuko wapi?"

Katika gari la polisi, hatua kumi kutoka hapo, Zamzam aliketi kwenye kiti cha nyuma, kioo kikiwa nusu. Hakuna aliyemjua sura. Kamanthe alijizuia kugeuka.

"Mwaitu, niko na swali moja tu. Jicho la kushoto la mzee?"

"Jiwe lilimrukia," Ndila alisema. "Mwaka ule tulioana, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mtu ameandika kwamba lilikuwa likiona."

Ndila akawageukia watu wake. "Hatuondoki mjini. Twendeni kwa huyo daktari atuambie mbele ya macho yetu."

*

Hospitali ya Daktari Kimeu ilikuwa jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko, na ofisi yake ilikuwa juu. Alimpokea Kamanthe kwa tabasamu. Matroni, Ndinda, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, alikuwa ndani akipanga mafaili. Alianza kuondoka.

"Baki tu, matroni," Kamanthe alisema. "Sina siri."

"Umemkamata?" Daktari aliuliza.

"Yuko kwa gari langu."

"Vizuri. Inasikitisha, lakini vizuri."

"Nataka kufunga faili, daktari, isije wakili akanisumbua. Mzee ulimpima mwenyewe?"

"Bila shaka. Huyo alikuwa mgonjwa wangu."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Nakumbuka kwa sababu nilitoka hapo nikaenda kwa harusi."

"Ulimkuta aje?"

"Ametulia. Anaongea. Pombe ilikuwa imeanza kumtoka."

"Na macho? Samahani, naambiwa macho ni muhimu."

"Ni muhimu sana." Daktari alichukua tochi ndogo kutoka mfukoni, akaiwasha na kuizima. "Nilimulika kwa hii. Kulia na kushoto, mboni sawa, zote zinasinyaa vizuri. Kama moja ingekuwa imepanuka ningemhamisha saa hiyohiyo. Hilo ni somo la kwanza."

Kamanthe aliandika neno kwa neno, akampa daftari. "Weka sahihi hapo, tafadhali."

Daktari aliweka sahihi bila kusoma.

"Sasa hii fomu. Vipimo vya kumi na moja na nusu ni vyako au vya nesi?"

"Tulipima pamoja."

"Pamoja. Mlinzi wako ameandika kwamba wakati huo alikuwa nje ya geti."

"Walinzi hukosea saa."

"Inawezekana. Sindano je?"

"Sindano gani?"

Kamanthe alifungua simu, akaiweka mezani. Picha ya kwanza ilikuwa ya plasta. Daktari aliisoma, midomo ikisogea kidogo. Matroni Ndinda alivaa miwani yake na kuinama.

"Hii ni takataka," Daktari alisema. "Kitu cha kujitungia. Ameandika baadaye."

"Aliandika wapi? Mgonjwa alitoka kitandani moja kwa moja akaenda mochari, na yeye ulirudi kutoka harusini ukamfukuza saa moja na robo. Hujauliza kuhusu picha ya pili."

Alisukuma skrini kwa kidole. Lile jicho la kahawia liliwatazama wote watatu.

"Hilo ni la kushoto. Munyao wa mochari amelikagua. Mjane amethibitisha. Mzee Muthoka alikuwa na jicho moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Umeniambia sasa hivi, na umetia sahihi, kwamba ulilimulika likasinyaa."

Chini, getini, sauti za watu zilikuwa zimeanza kusikika.

Daktari Kimeu aliweka tochi mezani. Alipozungumza tena, ule upole ulikuwa umekwisha.

"Sikiliza, inspekta. Mimi nimesomea udaktari miaka sita. Yule ni nesi. Kazi yake ni kufuata maagizo. Nesi anajua nini kuhusu ubongo?"

"Alijua mgonjwa ana jicho moja," alisema Kamanthe. "Tuanzie hapo."

"Ni mimi niliyeiandika hiyo fomu."

Ilikuwa sauti ya Matroni Ndinda. Alikuwa amesimama wima, mafaili bado yamo mikononi.

"Ndinda," Daktari alisema, "fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria siku tatu." Aliyaweka mafaili chini. "Jumatatu asubuhi aliniita hapa. Akasema fomu ya Zamzam imemwagikiwa chai, niinakili upya. Akanisomea, nikaandika. Sikuwa zamu Jumapili, mgonjwa sikumwona. Sahihi ya Zamzam aliiweka daktari mwenyewe. Lakini mimi ni muuguzi miaka ishirini na sita, inspekta. Kumi na tano kutoka nane mpaka kumi na mbili, halafu mtu anakufa saa moja? Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeuliza. Mimi sikuuliza. Niliandika."

"Fomu ya kwanza iko wapi?"

"Aliichana mbele yangu."

"Utayasema haya kwa maandishi?"

"Nipe karatasi. Na kama ni kunikamata, unikamate. Lakini yule msichana usimpeleke kortini kwa mwandiko wangu."

Simu ya Kamanthe ililia. Jina la Bwana Muindi lilimulika juu ya picha ya jicho. Aliipokea palepale, mbele yao.

"Nani amekuruhusu kuzuia maiti?" Muindi alifoka. Sauti yake ilijaa chumba.

"Sheria, afande."

"Nilikwambia ulete nesi."

"Nimepata mwingine. Daktari Kimeu, kwa kughushi rekodi ya mgonjwa na kuharibu ushahidi. Hilo la kifo litasubiri upasuaji."

"Kamanthe, unajua huyo ni mtu wa nani? Mwache hapo alipo. Rudi ofisini. Hiyo ni amri."

"Sawa, afande. Nitaiandika amri hiyo kwa daftari la matukio, OB, kama ulivyoitamka, na saa yake. Sasa ni saa tano na dakika kumi. Matroni yuko hapa, amesikia. Niandike hivyo?"

Bwana Muindi alikata simu.

Kamanthe alirudisha simu mfukoni, akatoa pingu. "Simama, daktari."

*

Getini hapakuwa na nafasi ya kupita. Watu wa Kalama walikuwa wameongezeka, wengine wa soko wamejiunga nao, na mlinzi alikuwa amejifungia kibandani. Kamanthe alimwingiza daktari katika gari la pili lililoletwa na askari wawili, kupitia mlango wa jikoni. Kisha akaenda kwenye gari lake, lililokuwa limeegeshwa ndani ya ua, akafungua mlango wa nyuma.

"Wewe si mshukiwa tena," alimwambia Zamzam. "Utakuwa shahidi. Nitakutoa kwa njia ya jikoni, askari akupeleke nyumbani."

"Kwa nini jikoni?"

"Sikia hizo kelele. Bado wanaamini ni wewe. Nitawaelezea mimi, polepole, kesho au kesho kutwa. Leo wamekasirika."

Zamzam alishuka. Alirekebisha mtandio wake kwa kioo cha gari, bila haraka.

"Nilifukuzwa Jumapili kwa mlango huo wa jikoni, inspekta. Begi langu lilitupwa kando ya pipa la takataka. Siutumii tena."

"Zamzam, siwezi kuhakikisha usalama wako."

"Sijakuomba uhakikishe."

Alitembea moja kwa moja kuelekea getini. Kamanthe alitoa tusi dogo la Kikamba, akamfuata, mkono ukiwa karibu na kiuno. Mlinzi alitokeza kichwa kibandani, akamwona, akatikisa kichwa kwa nguvu. Zamzam alivuta komeo mwenyewe.

Kelele zilipungua kidogo, kwa mshangao tu. Watu waliona mwanamke wa buibui, peke yake, na afisa wa polisi hatua mbili nyuma yake.

"Namtafuta mke wa Mzee Muthoka," alisema kwa Kikamba.

Ndila alisogea. "Ni mimi."

"Mama, mimi naitwa Zamzam. Mimi ndiye nesi mnayemtafuta. Ndimi niliyekuwa na mzee mpaka mwisho."

Mpwa alirusha mkono. Kamanthe aliudaka hewani na kuushikilia. Mtu fulani nyuma alipiga yowe, jiwe dogo likagonga bati la geti na kuanguka. Zamzam hakurudi nyuma. Hakuinua hata mkono kuficha uso. Alimtazama mjane peke yake.

"Mlichoambiwa ni uongo," alisema. "Nilitoka, ndiyo. Nilitoka kutafuta gari la kumwokoa, nikamleta dereva, daktari akamkataza kumchukua. Mkitaka kunipiga, nipigeni baada ya kusikia. Lakini mtasikia kutoka kwangu, si kwa daktari, wala si kwa polisi."

Ndila alimkazia macho. Leso moja ilikuwa imemlegea begani, na hakuirudisha.

"Aliongea?" aliuliza.

"Aliongea sana. Tunawauliza wagonjwa wa kichwa maswali, ili tujue akili iko wapi. Nilimuuliza leo ni siku gani. Akasema, 'Ni Jumapili, na Ndila ameniwekea isyo za mahindi na maharagwe motoni, nikichelewa atanisema mpaka Jumatano.'"

Mjane alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika mara moja, mara mbili. Alipoushusha mkono, uso wake ulikuwa umelowa lakini sauti ilikuwa kavu.

"Zilikuwa zimeiva," alisema.

Kisha akageuka, akawatazama watu wake mmoja mmoja, kutoka kwa wazee waliosimama mbele mpaka kwa wale waliokuwa bado wameshika mawe.

"Tupeni hayo," aliamuru. "Na mnyamaze. Hakuna mtu atakayeondoka hapa mpaka huyu msichana amalize."

Mawe yalianguka, moja hapa, moja pale. Mpwa alijinasua mkononi mwa Kamanthe, akainamisha kichwa. Ndila alimshika Zamzam kiwiko, akamketisha kando yake juu ya ukingo wa saruji mbele ya hospitali, mahali ambapo mji mzima ungeweza kuwaona.

"Anza," alimwambia. "Usiache kitu."